Katekista Aliyepigana na Ndege wa Mungu

Nilikula mbegu. Wacha niseme hapa mwanzo kabisa, ndio nikianza kumchekelea Katekista usije ukasema nimeficha yangu.

Ilikuwa gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia nafaka, za mbegu ya mahindi, ile ya duka, iliyopakwa dawa ikawa nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Kanisa iligawia kila boma mwaka ile mvua ilikuwa imetuhepa misimu miwili. Mke wangu alikuwa ameenda Kithyoko na mtoto kumuuguza mama yake, akaniacha na unga ya siku nne na maagizo ya mwezi mzima. Siku ya tano niliangalia ile mbegu. Mbegu pia ikaniangalia. Nikaiosha mara saba, kama yule jemadari mwenye ukoma aliyetumwa mtoni, nikachanganya na maharagwe kidogo, nikapika isyo. Ilitoka rangi ya waridi. Na kabla ya kula niliomba. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko zote. Nilifunga macho nikamshukuru Mungu kwa kunipa riziki.

Sasa, shamba langu hapa Masii liko kando ya njia ya kwenda kanisa. Hakuna mtu anaenda misa bila kulikagua. Kwa hivyo mbegu ilipoisha nilichukua jembe, nikachimba mashimo mstari kwa mstari, nikafukia. Mashimo matupu. Nilifukia vizuri, nikisawazisha na kiganja, kama mtu anafunika mtoto blanketi.

Halafu mvua ikaja, maanake mvua ya huku hukuja siku ile tu ambayo inaweza kukuaibisha. Wiki mbili baadaye mashamba yote yalikuwa kijani. Langu lilikuwa na upara. Jumapili Katekista akasimama mbele, akasema ndugu yetu Baba Mutheu amejaribiwa kama Ayubu, na jumuiya yote itafunga siku tatu, kutoka asubuhi hadi jioni, kuombea shamba lake liote. Watu wakasema amina. Watu wenye njaa wakakubali kufunga kula kwa sababu ya mtu aliyekuwa ameshiba.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Nitairudia. Lakini huwezi kuielewa kama hujui Katekista alikuwa mtu wa aina gani.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna mtu alilitumia. Padre alikuwa anatufikia mara moja kwa mwezi kama barabara imekubali, na zile Jumapili zingine zote zilikuwa za Katekista. Alikuwa mrefu, mkavu kama kijiti cha kupimia maji, na koti moja ya kijani ya mtumba. Hiyo koti ilibaki na kitufe kimoja. Siku moja mke wangu akamwambia, "Katekista, leta nikushonee vitufe zingine."

"Mama Mutheu," akamjibu, "hiki kimoja kinafunga. Inatosha."

Inatosha. Hilo neno lilikuwa lake, kama vile simba wako na mngurumo. Ukimwambia nyumba yake inavuja, anasema inavuja upande mmoja, ule mwingine unatosha. Kengele ya kanisa ni ringi ya lori tuliyofunga kwa mti. Watu walitaka kuchanga wanunue kengele ya kweli, akakataa. "Kwani mnachelewa kwa sababu ya sauti ya ringi? Mnachelewa kwa sababu ya kitanda." Hiyo alikuwa na haki. Mimi ndiye nilikuwa nachelewa.

Lakini usifikirie alikuwa mnyenyekevu. Aiya! Yule mzee alikuwa anaringa na umaskini wake vile wengine wanaringa na gari. Ukisema una shati mbili, yeye ana moja. Rafiki yangu Musyoka, yule wa kuchoma matofali na mimi, aliwahi kumwambia akitaka kuhurumiwa tu, "Katekista, jana nililala njaa."

"Mimi pia nililala njaa," akasema. "Na nikaimba."

Musyoka aliniambia tangu siku hiyo hata njaa haimfurahishi, maanake kuna mtu ako na kubwa kuliko yake.

Mahali pekee ambapo hilo neno lilikuwa halijulikani ni kwenye sukari. Akija kwako, mwenye nyumba anashika kopo, anatia kijiko cha kwanza, anamwangalia. Kimya. Cha pili. Anaangalia picha ya Bikira Maria ukutani. Cha tatu. Cha nne. Hapo anakohoa kidogo, si kusema inatosha, ni kukohoa tu. Mke wangu alikuwa akimwona kwa mlango anaficha sukari anaweka kopo tupu mezani, ili angalau aseme imeisha akiwa na ushahidi.

Kuna wakati hilo neno lilimletea shida. Susu mmoja hapa jirani, bibi kizee wa kujitegemea, alifiwa na mbuzi. Katekista akaenda kumfariji, akasema maneno yake mazuri, Mungu ametoa na Mungu ametwaa, na akamaliza na inatosha. Susu akamwangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Katekista, mtu mwenye mbuzi wawili akipoteza mmoja, unaweza kumwambia inatosha. Mimi nilikuwa na mmoja. Sasa nihesabu nini, kamba?"

Tulikuwa hapo watu kama kumi. Sijawahi kuona mahubiri yakivunjika namna hiyo. Akavaa kofia, akaenda. Kesho yake asubuhi akaonekana anavuta mbuzi wake mwenyewe kumpelekea Susu. Watu wakasema, huyu ni mtakatifu. Mimi nilikuwa najua mbuzi zake, alikuwa nazo tatu. Alimpelekea yule mkorofi, yule aliyekula nusu ya kitabu cha nyimbo na soksi za padre. Hata kwa kutoa alikuwa Mkamba, anatoa kwa moyo wote lakini macho inabaki kwa zizi.

Kwa hivyo mtakatifu, ndio, lakini mtakatifu wa kupimwa na gorogoro.

Sasa ndege. Mahubiri yake makubwa, yale tulikuwa tunayajua hata kabla afungue mdomo, ilikuwa ni ya ndege wa angani. Hawalimi, hawana ghala, hawana wasiwasi, na Baba wa mbinguni anawalisha. Nafikiri kwa mwaka alihubiri ndege mara ishirini. Akina mama walikuwa wanasema hata kwa harusi atapitia kwa ndege kwanza ndio afike kwa bibi harusi.

Na Jumatatu, kabla jua kutoka vizuri, unamkuta shambani na kombeo, anatupa mawe, anatukana. "Nendeni! Nendeni kwa Baba yenu awalishe!" Wakati wa kupanda alikuwa anawinda kwale na njiwa, wasifukue mbegu. Mtama ukiiva alikuwa anapigana na wale wadogo wa makundi. Alikuwa amefunga mikebe kwa kamba kutoka nyumba hadi mwisho wa shamba. Akiwa amekaa anakunywa chai yake ya vijiko vinne anavuta kamba na mguu, mikebe inapiga kelele, ndege wanaruka.

Nilimuuliza mara moja. Mimi niliacha shule kidato cha pili, karo ikiwa sababu ya kwanza na hesabu ikiwa sababu ya kweli, lakini hata mimi niliona hapo kuna kitu haijumliki.

"Katekista, si jana ulisema Mungu ndiye anawalisha?"

"Ndio. Anawalisha."

"Sasa mbona unawafukuza?"

"Alisema atawalisha," akasema, akipachika jiwe lingine. "Hakusema atawalishia kwangu."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Nakumbuka hivyo kwa sababu kwa kawaida akitoa neno nzuri alikuwa anangoja ulisifu. Siku hiyo alirusha jiwe tu, likakosa, akalifuata.

Kuna mhubiri alikuja Masii siku ya soko na hema na spika kubwa kama kabati, akawaambia watu waombe gari, waitaje hata rangi. Katekista alienda kusikiliza, akasimama nyuma na koti yake. Mhubiri akamwona, akamuuliza kwa spika, "Mzee, wewe unataka gari gani?" Akasema, "Nikipewa gari, mbuzi watalala wapi?" Watu wakacheka, mhubiri pia akacheka, lakini kama mtu amemeza inzi. Njiani Katekista alinishika mkono. "Baba Mutheu, yule anafikiri Mungu ni duka." Halafu, baada ya hatua kama tano, "Nyeupe lakini ingekuwa nzuri." Sikuamini masikio yangu.

Lakini mara moja tu kwa mwaka, yule mtu alikuwa anasema kitu ambacho hata sisi wa kukaa nyuma tulikuwa tunanyamaza. Ilikuwa Jumapili kabla ya kupanda. Huku kwetu mvua ni fupi, ukiingoja ifike ndio upande umechelewa. Kwa hivyo tunapanda kwa vumbi. Hakuna wingu, ardhi imekauka kama kigae, na wewe unachukua chakula ambayo watoto wako wangekula leo, unaiweka kwa mchanga mkavu, unafunika, unaenda nyumbani. Katekista alikuwa anasimama na punje moja ya mahindi kwa vidole viwili. "Hii," alikuwa anasema, "ni sala. Hizo zingine zenu ni kelele." Halafu anakaa. Hiyo tu. Ilikuwa ndiyo mahubiri yake pekee yasiyokuwa na ndege.

Mwaka ule wa mbegu nyekundu alihubiri hiyo, nikasikia, nikaguswa, na wiki hiyo hiyo nikaweka sufuria kwa moto.

Basi, siku tatu za kufunga. Ya kwanza walikuja jioni wakasimama kando ya shamba langu wakaimba. Nilisimama nao nikaimba. Niko na sauti nzuri, ndio shida. Musyoka alikuwa hapo, amekunja uso, anashika tumbo, anaonekana mtakatifu kabisa. Akina mama wengine walikuwa wamekauka midomo. Susu alikuja na mkongojo, amefunga pia, na umri ule. Nilitamani ardhi ifunguke inimeze, lakini ardhi yenyewe ndiyo nilikuwa nimeidanganya.

Siku ya pili nilimwona Katekista kwa mbali, peke yake, amechutama kwa tuta la chini. Alikuwa anafukua shimo na kidole. Akaangalia. Akaenda lingine. Mbegu ikioza inaacha ganda, mchwa akila anaacha unga, panya akichimba anaacha njia. Alifukua kama mashimo sita hivi. Halafu alikaa kwa tuta muda mrefu, kofia magotini. Mimi nilikuwa nyuma ya choo nikichungulia, mtu mzima, baba wa mtoto.

Siku ya tatu Katekista mwenyewe ndiye aliomba. Alisema, "Bwana, mbegu ya ndugu yetu, popote ilipo, wewe unaijua." Watu wakasema amina. Tumbo langu lilisema kitu pia.

Baada ya amina hakuwaacha waende. Akasema mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, ni kesho asubuhi, kila boma ije na jembe na konzi moja ya mbegu, yoyote iliyobaki, kupanda tena kabla unyevu kuisha. Wakaja. Watu waliokuwa wametoka kufunga wakapanda shamba langu lote kabla ya saa nne, wakipiga stori, na mimi nikiwapitishia maji. Mke wangu akafika kutoka Kithyoko, mzigo kichwani, akakuta kijiji kizima kwa shamba lake. Alilia na furaha. Jioni akaosha sufuria, akaitazama ndani muda mrefu.

"Baba Mutheu, hii sufuria ulikuwa unaipaka rangi ya kucha?"

Nilisema ni kutu. Hakuuliza tena. Lakini miezi mitatu alinipakulia chakula kwa hiyo sufuria tu.

Nilivuna. Mahindi ya kila aina, nyeupe, manjano, yale ya zambarau ya mababu, konzi ya kila mtu imesimama pale inajionyesha, hii ya Susu, hii ya nani. Na kwa sikukuu ya mavuno Katekista akaniita mbele. "Baba Mutheu, shuhudia."

Alinipa nafasi. Sasa ndio naona. Alisogea kando, akashika mikono nyuma, akangoja. Kanisa yote ilinitazama, wale wote waliofunga. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo kwa ulimi, fupi tu, nilikula. Nikasema, "Mungu ni mwema!" Wakajibu, "Kila wakati!" Nikaketi. Vigelegele. Ikawa muujiza. Hadi leo kuna watu hadi kule Ndithini wanasimulia shamba lililokataa kuota likaota baada ya siku tatu.

Kwa mlango wakati wa kutoka, Katekista alikuwa anasalimia watu mmoja mmoja. Nilipomfikia alishika mkono wangu, hakuuachilia. Yule mtu aliyekubali koti ya kitufe kimoja na nyumba ya nusu paa aliniangalia akasema polepole, "Haitoshi."

Miaka imepita. Kila Jumapili tukikutana ni "Tumsifu Yesu Kristu," mimi najibu, halafu ananiinulia nyusi kidogo. Mimi naangalia viatu. Sijui kama umewahi kudaiwa na nyusi.

Mwaka huu, kabla ya msimu, nilisikia hatoki nje tena, kifua kimemshika. Nikaenda. Nilibeba sukari kilo mbili, maanake nilijua njia ya moyo wake. Nilimkuta amekaa kwa kitanda, koti imefungwa na kile kitufe. Nje mikebe imenyamaza na njiwa wanatembea shambani kama wenye shamba. Nilimtengenezea chai. Kijiko cha nne hakukohoa. Nikatia cha tano.

"Katekista," nikasema, "ile mbegu nilikula."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mashimo. Ulifukia vizuri sana. Mtu ako na mbegu kwa mkono ako na haraka, anapiga mguu udongo anaenda. Wewe ulikuwa unapanga kaburi." Akapumua, akanywa. "Na mimi nilijua kuangalia kwa sababu nilishafanya."

Nilifikiri ni homa.

Akaniambia. Mwaka wa njaa kubwa, mimi nikiwa bado mtoto, alikula mbegu yake, akafukia mashimo, na hayakuota. "Padre akauliza. Jirani wakauliza. Nikasema ni kwale wamefukua. Wakaamini. Sasa mtu hawezi kushtaki ndege halafu awaache watembee tu. Ikabidi nitafute kombeo."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo. Na hawajawahi kunikosea, wale maskini." Alitazama njiwa kwa dirisha. "Unafikiri kwa nini nilikuwa nawahubiri hivyo? Jumatatu nawapiga mawe, Jumapili nawaomba msamaha mbele ya watu. Wao tu hawakuwa wanakuja kanisa."

Nilicheka. Safari hii alicheka pia, hadi kikohozi kikamkamata nikamshika mgongo. Kilipotulia akasema, "Lakini mimi nilikula na watoto wangu. Wewe ulikula peke yako. Hapo umenishinda."

"Nilikuwa na njaa, Katekista."

"Kula si shida. Njaa ni njaa. Ungekuja kwangu mikono mitupu ningekupa, na Mungu angehesabiwa ametoa. Wewe ulifukia mashimo ukampa Mungu kazi ya kuotesha hewa." Akaweka kikombe chini. "Kusema inatosha ni rahisi, Baba Mutheu. Mimi nimeisema miaka arobaini nikijaribu kuiamini. Siku zingine niliamini. Lakini ile siku ya mbegu sikuamini, na ndiyo siku nilikuwa nahitaji."

Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Yako useme. Na yangu pia, lakini nikishaenda. Sitaki kumaliza na watu wakinilialia kama njiwa dirishani."

Alienda kabla ya mvua. Tulimzika na koti.

Jumapili ya kupanda hakukuwa na mtu wa kusimama na punje ya mahindi. Nikasimama mimi. Nilichukua punje, nikasema yote, yangu kwanza halafu yake, sufuria, mashimo, kwale. Njiwa walikuwa wanatembea juu ya mabati. Susu alinitazama, akatazama mkongojo wake, akatazama tena mimi. Nilimaliza, nikangoja kuna mtu atasema inatosha. Hakuna aliyesema. Nikaenda kukaa, na watu wa benchi yangu walikuwa wamenipatia nafasi kubwa sana.

Nje, Musyoka alinifuata hadi kwa ringi ya kengele. Nilijua atanipiga. Alikuwa amefunga siku tatu kwa ajili yangu, nilimwona na macho yangu, ameshika tumbo.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Uliosha mara ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mbegu."

"Mara saba."

"Saba!" Akashika kichwa. "Mimi nilipanda ile pande ya barabara tu, mbegu ya nyuma nikaiweka, nikaipika wiki ile ya maombi. Lakini niliosha mara tatu. Wewe jamaa, siku zile za maombi katika kanisa hii yote ni mimi peke yangu nilifunga kweli. Hakuna kitu ilikuwa inakaa ndani."